Kompyuta Nzito na Masikio ya Mume Wangu

Siku mkanda wa mashine ya kusaga ulipokatika, nilikuwa nimesimama mlangoni pale mashineni nikimsubiri mume wangu amalize tuende msibani. Alikuwa ameinama karibu na injini, anaokota kitu sakafuni. Mkanda ukaanza kutoa sauti ya kuchanika, sauti ambayo hata mtu asiyejua mashine anaijua kuwa si nzuri. Akina mama waliokuwa kwenye foleni na ndoo zao wakapiga ukelele. Mimi nikamwita. Hakuinua kichwa. Aliendelea kuokota taratibu, kama mtu aliye peke yake shambani. Alipojinyoosha na kuanza kuja kwangu, mkanda ukakatika nyuma yake, ukachapa ukuta pale kichwa chake kilipokuwa, plasta ikadondoka.

Yeye hakusikia hata hilo. Aliona nyuso zetu, ndipo akageuka.

"Kuna nini?" akauliza.

 Nikaketi juu ya gunia la mtu.

Mume wangu ni Mfipa wa hapahapa Sumbawanga. Mimi nilikuja kutoka Mbeya kufundisha sekondari, nikaolewa, nikabaki. Yeye ameshinda kando ya injini tangu ujana wake, na injini imemla masikio kidogo kidogo. Miaka kadhaa nyuma, misheni moja nje ya mji ilitembelewa na wataalamu wa masikio, wakampima na kumpa vifaa viwili vya kusikia, vile vinavyokaa nyuma ya sikio. Siku aliyovivaa mara ya kwanza alirudi nyumbani akaniambia viatu vyangu vina kelele.

Alikuwa na sababu ya kuvipenda vifaa vile kuliko watu wengine. Baba yake alikufa kiziwi. Aliwahi kunisimulia jinsi mzee alivyokaa nje ya nyumba yake miaka mingi, watu wakipita wanampungia mkono badala ya kusimama na kuzungumza naye, mwishowe hata mkono hawakupunga. "Alikufa sisi tukiwapo," aliniambia, "lakini sijui mara ya mwisho nani alizungumza naye." Hakurudia tena habari hiyo. Lakini kila alipoambiwa jambo akalikosa, nilimwona akishtuka, na nilijua anamwona nani.

Baada ya ule mkanda tulikwenda Mbeya akapimwe. Mtaalamu wa masikio alikuwa kijana mpole. Alituamkia, akampima mume wangu kwa muda mrefu, kisha akazungumza na mimi huku akimtazama yeye, ili asijione ametengwa.

"Masikio yamepungua sana, mama. Ila vifaa hivi ni vizima, na vina nguvu bado. Tatizo vimepangwa kwa masikio aliyokuwa nayo zamani. Inabidi vipangwe upya kwa kompyuta."

"Basi vipange," nikasema.

"Programu yake ni ya zamani, mama. Sisi hapa hatunayo. Waulizeni waliowapa. Mkiipata, nipigie, nitakuelekeza cha kuweka."

Vifaa vipya vilikuwa mbali na uwezo wetu. Tukarudi Sumbawanga, na Jumatatu yake nikaenda misheni.

Sista aliyenipokea alinipeleka chumba cha nyuma. Kompyuta iliyokuwa na ile programu ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa. Alikiondoa, nikaona upande mmoja umeungua.

"Radi," alisema. "Masika iliyopita. Ilipita kwenye nyaya, ikachukua hii na friji." Akafungua kabati akatoa boksi dogo: sidii ya programu, sidii ya mfumo wa zamani wa kompyuta ile, na waya mwembamba wa kuunganishia vifaa vya masikio. "Chukua, mwalimu. Wale wataalamu hawaji tena, na hapa hakuna anayejua kuitumia."

Nilirudi na lile boksi mapajani, nimelishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai.

Ninafundisha kompyuta, kwa hiyo sikushangaa laptopu yangu ilipoikataa ile programu. Laptopu ilikuwa mpya kwake, na programu ilitaka mfumo uliokwisha kusahaulika. Nilijua pia kuna njia: unaweza kutengeneza kompyuta ndani ya kompyuta. Ile ya nje inaigawia ya ndani sehemu ya memori, sehemu ya diski, sehemu ya akili yake, na ile ya ndani inaamini kuwa ni mashine kamili inayojitegemea. Ndani yake unaweka mfumo wa zamani, nao unafanya kazi kana kwamba miaka haijapita. Diski ya laptopu yangu ilikuwa imejaa mitihani na picha, hivyo nikaiweka kompyuta hiyo ya ndani kwenye diski ya nje, ile ya kuchomeka kwa waya.

Iliwaka. Nilifurahi mpaka nikapiga makofi peke yangu sebuleni. Kisha nikaanza kuitumia, na furaha ikaisha. Ilikuwa nzito mno. Ukibofya kitu, unasubiri. Kishale kinakwenda kwa kurukaruka, dirisha linafunguka vipandevipande, na programu ya masikio ilipoitwa ilichukua muda wa kutosha kuinjika chai na kuinywa. Lakini ilifunguka. Nilichomeka waya, nikaunganisha kifaa cha kushoto, na programu ikakitambua. Ikasoma namba zake zote za zamani na kuzionyesha.

Nikampigia kijana wa Mbeya.

"Shikamoo mama. Kumbe umefaulu!"

"Marahaba. Imefunguka, lakini ni nzito."

Akanionya. "Kusoma hakuna shida, mama. Hata mawasiliano yakikatika, kifaa kinabaki kilivyo. Hatari ipo kwenye kuandika. Ukibonyeza kuhifadhi, zile namba mpya zinaingia ndani ya kifaa. Mawasiliano yakikatika katikati, kifaa kinaweza kisiamke tena."

 Maneno hayo niliyaandika kwenye karatasi nikampa mume wangu ayasome, kwa sababu alikuwa amevivua vifaa na hasikii. Aliyasoma, kisha akasema kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia: "Anza na la kushoto. Ndilo bovu zaidi."

"Tusubiri kwanza," nilimwandikia. "Labda nipate kompyuta nyingine."

"Tusubiri nini? Mkanda mwingine?"

Tukaanza na la kushoto. Kijana wa Mbeya alinisomea namba kwenye simu, nami nikaziingiza moja moja, nikisubiri kila moja itokee kwenye kioo. Nikabonyeza kuhifadhi. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Ulifika karibu na nusu, ukasimama. Kishale kikaganda. Feni ya laptopu ilikuwa inavuma kama mtu anayepanda mlima, na mimi sikuthubutu kugusa chochote, hata meza. Kisha maandishi yakatokea katikati ya kioo: mawasiliano na kifaa yamepotea.

Nilichomoa, nikachomeka. Nilizima, nikawasha. Programu ilikuwa inasema hakuna kifaa. Mume wangu alikichukua, akakiwekea betri mpya, akakivaa. Nilimtazama akigeuza kichwa huku na huku, akipiga kiganja mezani karibu na sikio. Alirudia kupiga, kwa nguvu zaidi.

"Kimekufa," alisema.

Hakunilaumu, si siku ile wala baadaye. Alikivaa cha kulia, akatoka nje akaenda kutazama mahindi. Nilibaki pale sebuleni, na nilipojaribu kumweleza kijana wa Mbeya kilichotokea, sauti yangu haikutoka vizuri, akafikiri mtandao ni mbaya.

Baada ya hapo mume wangu alinipa sharti moja tu. "Hiki kimoja usikiguse."

Nilikubali. Kwa kweli nilifarijika, kwa sababu nilikuwa naogopa hata kukitazama kikiwa juu ya kabati usiku. Lakini hofu nyingine ikaja badala ya ile. Kifaa cha kulia peke yake hakikumtosha, na mume wangu akaanza kuitikia kila kitu. Ukimwambia chakula tayari, ndiyo. Ukimwuliza amelipa maji au hajalipa, ndiyo. Wateja walimsalimia kwa Kifipa, akaitikia kwa kichwa na tabasamu, tabasamu lilelile kwa kila neno. Watu wakaanza kumpungia mkono. Nilimwona jirani yetu, mtu aliyezoea kusimama na kubishana naye habari za mvua na bei ya mbolea, anapita akiinua mkono tu bila kupunguza mwendo. Mume wangu akainua wake. Nilikuwa dirishani nikiwatazama.

Shuleni simu yangu ikiita katikati ya kipindi, nilitoka nje kuipokea kabla sijatazama ni nani. Nilifundisha huku nikisikiliza sauti za bodaboda zikikata kona kuja shuleni, nikiwaza kwamba hii ndiyo inaleta habari.

Na kweli siku moja habari ilikuja, ingawa si ile niliyoiogopa. Mama mmoja, wa zile familia za wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa, alikuwa ameacha magunia mawili pale mashineni. Alimwambia mume wangu: moja la kusaga, jingine usiliguse, limetiwa dawa ya wadudu juzi, nimelipumzisha tu hapa nikatafute usafiri. Mume wangu akasema ndiyo, akatabasamu. Mama yule akaenda sokoni. Zamu yake ilipofika, mume wangu akasaga gunia la kwanza, na la pili akalimimina juu yake.

Mama aliporudi alikuta unga wote umekwisha kufungwa. Alipiga yowe lililokusanya watu. Unga haukuliwa na mtu, ulifukiwa wote siku ileile, na mashine ikasafishwa kwa kutwa mbili bila kazi. Mama yule alisamehe, tukamlipa mahindi mengine. Lakini alikuwa na watoto wadogo watano, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema mbele yetu, bila hasira: "Ningechelewa sokoni, ningetuma pikipiki iuchukue iupeleke nyumbani, wakaupika."

Mume wangu alilisikia hilo. Nadhani lilikuwa jambo pekee alilolisikia vizuri wiki ile. Tulipofika nyumbani akakaa kwenye kiti chake bila kuvua koti. Nikaketi mbele yake, aone midomo yangu.

"Nikijaribu tena, nikakiua na hiki?" nikamwuliza.

"Nitakuwa kiziwi."

"Na nisipojaribu?"

"Nitaua mtu," alisema. "Jaribu, mwalimu. Lakini kwanza iponye hiyo kompyuta yako."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuitibu kompyuta ya ndani. Sikugusa kifaa. Kila siku baada ya vipindi nilikaa na laptopu kwenye ofisi ya walimu, nikisoma mtandaoni yale ambayo watu wa nchi nyingine wenye shida kama yangu walikuwa wameandika, nikajaribu jambo moja moja.

Jambo la kwanza lilinivunja moyo. Nilifikiri mashine nzito inahitaji memori zaidi, nikaipa ya ndani karibu memori yote ya laptopu. Ikawa nzito kuliko mwanzo. Nilikaa nikaitazama mpaka nikaelewa: nilikuwa nimempa mgeni kitanda changu, blanketi langu na chakula changu, kisha nikamtegemea mwenyeji asiyelala wala kula ndiye amhudumie. Kompyuta ya nje ilikuwa inakosa pumzi, na ya ndani inaishi kwa pumzi ya nje. Nikapunguza. Mfumo ule wa zamani ulitengenezwa enzi ambazo memori ilikuwa ndogo, haukuhitaji makuu. Nilipoupa kiasi cha wastani, zote mbili zikatulia.

Kisha nikagundua kuwa laptopu yenyewe ilikuwa na uwezo maalumu wa kuendesha kompyuta ya ndani, uwezo ulio ndani ya prosesa, ila ulikuwa umefungwa tangu kiwandani. Unafunguliwa kwenye ile mipangilio inayotokea kabla mashine haijawaka sawasawa. Nilipoufungua nikawasha, kishale kiliacha kurukaruka. Nilishtuka, nikadhani nimekosea kitu. Ndani ya mfumo wa zamani nikazima mapambo yote, vivuli, madirisha yanayofunguka kwa madoido, na kila kinachojiwasha chenyewe bila kuitwa. Nikaikata kabisa na intaneti, maana mfumo wa zamani namna ile ukiwa mtandaoni ni nyumba isiyo na mlango, kisha nikaondoa antivirasi iliyokuwa inakagua kila faili. Nikaweka viraka vidogo vya programu vinavyoifundisha ya ndani kuzungumza na ya nje bila mkalimani.

La mwisho ndilo lililonitoa jasho. Nilikuwa nahamisha mitihani ya zamani ili kompyuta ya ndani nayo ikae ndani ya laptopu, nikaitazama ile diski ya nje na waya wake. Ilikuwa imechomekwa kwenye tundu lililo jirani na la waya wa masikio. Kila kompyuta ya ndani ilipotaka kusoma kitu, ilipita njia ileile iliyokuwa inapeleka namba kwenye sikio la mume wangu. Siku ile vilikuwa vinagombania njia. Huenda ndicho kilichokata mawasiliano, huenda sicho, sitajua kamwe. Nilipokwisha kuihamisha kompyuta ya ndani, niliichomoa diski ile nikaiweka ndani ya droo, na sikutaka kuiona tena.

Programu ya masikio sasa ilifunguka kabla sijavuta kiti vizuri. Nikamwomba mume wangu kifaa, kwa kusoma tu. Alinikabidhi akiwa ameshika mkono wangu mpaka nilipokiunganisha. Nikasoma namba, nikakata, nikaunganisha, nikasoma tena. Nilirudia hivyo jioni kadhaa, nikiisubiri ikwame. Haikukwama. Hapo nikahifadhi nakala ya kompyuta ya ndani kama ilivyokuwa, ili ikiharibika niirudishe. Na nilipomaliza kuhifadhi, nikakitazama kile kifaa kidogo mezani, kilichokuwa hakina nakala popote.

Tulichagua Jumamosi asubuhi. Mawingu yalikuwa yameshuka, ngurumo zinasikika mbali upande wa bonde la Rukwa, na mimi nikataka tuahirishe.

"Hapa Sumbawanga utangoja siku isiyo na ngurumo mpaka kiangazi," mume wangu alisema, akanivutia kiti.

Nilichomoa laptopu kwenye umeme, itumie betri yake. Kijana wa Mbeya alikuwa hewani. Mume wangu alivua kifaa, akaingia kwenye ukimya wake, akaketi pembeni yangu mikono ikiwa katikati ya magoti.

"Tayari mama? Tuanze na sauti nyembamba," kijana alisema, akanisomea. Nilimrudishia kila namba kabla ya kuiingiza. Alinionya tusipandishe sana, sauti kubwa kupita kiasi ingemaliza hata kile kidogo kilichobaki.

"Sasa hifadhi."

Sikubonyeza.

"Mama? Uko hewani?"

"Nipo."

Mume wangu hakujua kinachosubiriwa. Alinitazama usoni, kisha akatazama kidole changu, akaelewa.  Nikabonyeza.

Mstari ukaanza kutambaa. Ngurumo ikapiga karibu, friji ikazimika jikoni. Umeme ulikuwa umekatika. Laptopu ikaendelea kwa betri yake. Mstari ukapita pale uliposimama siku ile. Mvua ikaanza kudondoka. Ukafika mwisho. Programu ikaandika neno moja, kwamba imekamilika, nami nikalisoma mara kadhaa kama mtu aliyejifunza kusoma jana.

Aliweka kifaa sikioni. Mvua ilikuwa imekolea juu ya mabati. Akashtuka, akashika sikio kwa kiganja.

"Punguza! Punguza, inaniumiza!"

Ilibidi tuandike tena. Mara ile ya pili niliogopa vilevile, wala sikuwa jasiri hata kidogo, lakini ikapita. Alipokivaa, alitulia. Kijana wa Mbeya akaniomba niweke simu kwenye spika.

"Shikamoo mzee. Unanisikia?"

"Marahaba," mume wangu akajibu. "Nakusikia, mwanangu. Una mafua?"

Kijana alikuwa na mafua kweli. Alicheka, na mimi nikaanza kulia, nikatoka nikasimama jikoni mpaka nilipomaliza.

Kifaa cha kushoto hakikuamka. Nilijaribu kwa mashine ile nyepesi mara nyingi, na baadaye tukakipeleka Mbeya, wakatuambia ndani kimeharibika. Mume wangu anaishi na sikio moja. Tukitembea barabarani ninakaa kulia kwake, na kule mashineni ameandika kwa chaki ukutani kwamba mteja azungumze akiwa upande wa dirisha. Hajibu tena ndiyo kwa jambo asilolisikia. Anasema, "Sijakusikia, rudia," hata mara tatu, hata kama mtu anachukia. Jirani yetu amerudi kusimama na kubishana.

Mimi sijapona hofu. Ile kompyuta ya ndani nimeiweka kwenye diski tatu, moja iko nyumbani, moja shuleni, moja misheni kwa sista. Lakini masikio yanaendelea kupungua, na kila yanapopungua itabidi tuandike upya, na kila tunapoandika, mstari ule utatambaa. Mwezi ujao tunakwenda Mbeya kupimwa. Jana nilianza kusafisha laptopu kwa ajili hiyo, yeye akaja akasimama nyuma yangu akaitazama.

"Unaogopa?" akaniuliza.

"Naogopa."

"Na mimi pia," alisema, akavuta kiti akaketi.